Matema au Ngosi: matembezi na watoto

Mwenye watoto wadogo aende Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Njia ni ufukwe wenyewe, tambarare, na milima ya Livingstone imesimama kando ya maji. Tembeeni taratibu hadi kijiji cha Lyulilo. Jumamosi kuna soko la vyungu vya Wakisi, vilivyofinyangwa kwa mikono. Mwache mtoto agonge kimoja kwa kidole asikie kinavyolia. Jua la Kyela, wilaya iliyopo Matema, ni kali, kwa hiyo ondokeni asubuhi.

Ngosi ni ziwa ndani ya shimo la volkano, kwenye milima ya Uporoto. Njia yake ni msitu: mianzi, migomba pori, baridi. Mwishoni mlima ni mkali, na mvua ikinyesha njia huteleza. Vijana watafurahia sana. Ziwa litazameni kutoka ukingoni. Kuteremka majini na watoto sishauri kabisa.