Dawa ya Meno ya Mkaa: Ukoga Unatolewa na Nani Hasa?

Haya jamani, karibuni tena. Leo sauti ina mwangwi kidogo, maiki mpya bado haijafika, tuvumiliane. Mezani nina tyubu hii nyeusi, dawa ya meno ya mkaa. Jina nimelifunika kwa utepe, sitaki kesi. Ladha naruka, ni minti tu.

Kilichonikera ni haya maandishi ya mbele: "Huondoa ukoga wote." Wote! Ngoja. Nasukutua kwa rangi nyekundu ya chakula, natema. Tazama hapa kwenye fizi: rangi inapong'ang'ania ndipo penye ukoga. Sasa, kulia napiga mswaki kwa hii nyeusi. Kushoto, mswaki na maji matupu. Muda uleule, dakika moja kila upande. Nakata video hapa, mtanikimbia.

Tumerudi. Kulia, kwa mbele, pamesafika. Kushoto je? Vilevile! Na kati ya magego, pande zote mbili, wekundu uko palepale. Nywele za mswaki hazifiki huko, na dawa haina miguu ya kujipeleka. Huko ni kazi ya uzi wa meno.

Wala si sinki langu peke yake linalosema hivyo. Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi walizipitia tafiti za jambo hilihili: kwa dawa, ukoga ulipungua karibu nusu, bila dawa, karibu nusu pia. Kinachokwangua ni mswaki. Povu linakufurahisha tu.

Ila msije mkatupa dawa mkasema mimi nimewatuma! Dawa naitaka kwa ajili ya floridi, inayokinga meno yasioze. Sasa nageuza hii tyubu... natafuta... hamna! Elfu kumi na tano, floridi hamna! Whitedent au Colgate ya kwa Mangi ni nafuu mno kuliko hii. Soma ubavuni: floridi ppm 1000 hadi 1500, nunua. Mtoto wa chini ya miaka mitatu, mpakie kiasi cha punje ya mchele tu. Watu wa Arusha, najua mtaniuliza kuhusu floridi ya maji yenu na meno ya kahawia. Hiyo nawaandalia video yake.

Kifuniko chake lakini kizuri, hakimwagi. Hapo nawapa maksi.

Wiki ijayo naleta mswaki wa umeme. Bei yake, mh! Kisieni hapo chini kwenye maoni.