Rivyu ya leseni za programu za ofisi: kabla ya bei, uliza wanahesabu nini

Watu wakitaka kununua programu za ofisi swali la kwanza ni "kwa mwezi bei gani", na mawakala wanalijua hilo ndo maana kwenye ofa zao bei imeandikwa kwa herufi kubwa halafu la muhimu limejificha chini huko. Mi siku hizi naanza na swali lingine kabisa: mnahesabu nini? Mtu, mashine, au kampuni nzima? Kwa sababu bei ndogo ukiizidisha kwa hesabu isiyokuhusu inageuka balaa. Hizi hapa ni leseni tulizolipia na nyingine tulizozichungulia tukaziacha. Kampuni yetu ni ndogo, hatuna mwanasheria wala idara ya IT, ni mimi tu na Excel yangu.

Microsoft 365 Business. Hii inahesabu mtu. Kuna Basic, Standard na Premium, zote mwisho watu 300, mkizidi hapo mnapelekwa kwenye mipango ya makampuni makubwa. Basic haina Word wala Excel ya kuinstoo kwenye kompyuta, ni ya kwenye brauza na simu, kwa hiyo ukiona bei yake usishangilie kwanza, muulize mhasibu wako kama ataweza kuishi na Excel ya kwenye brauza, wetu alikataa hata hajamaliza kuifungua. Tukachukua Standard na kwa mtu mwenye laptopu, kompyuta ya mezani na simu hapo ni raha, maana leseni moja inamruhusu kuinstoo kwenye kompyuta 5, tableti 5 na simu 5.

Sasa tatizo letu lilikuwa wakala. Simtaji, lakini alituletea invoisi ambayo leseni ni nyingi kuliko wafanyakazi. Kukaa chini kuipitia mstari kwa mstari tunakuta mauzo@, info@ na ankara@ kila moja imekatiwa leseni yake kana kwamba ni mtu anayekuja kazini asubuhi na kusaini. Jamani. Kwa Microsoft sanduku la barua la pamoja, yaani lile ambalo watu kadhaa wanaliingia kupitia akaunti zao wenyewe, halihitaji leseni mpaka livuke GB 50. Na mtu akiacha kazi ni hivyo hivyo, unaligeuza sanduku lake kuwa la pamoja, barua za wateja zinabaki pale pale, leseni unampa anayekuja. Nilipomuuliza wakala akajibu "mfumo ndo unavyotaka bosi". Mfumo hautaki hivyo, ni yeye na kamisheni yake.

Tukasema basi punguza, akasema mkataba ni wa mwaka, na hapo kwa kweli alikuwa sahihi. Una siku 7 za mwanzo kufuta au kupunguza idadi, zikipita unalipa mpaka mwaka uishe, ila kuongeza unaongeza siku yoyote (hiyo hawakukatazi hata siku moja). Mkataba wa mwezi kwa mwezi upo lakini ni ghali zaidi kwa asilimia 20 hivi, na tangu Aprili 2025 hata huo wa mwaka ukiamua kuulipa kidogo kidogo kila mwezi unaongezewa asilimia 5. Sisi tumegawanya, waajiriwa wa kudumu wapo kwenye mwaka, wa msimu mwezi kwa mwezi. Programu naipa 4 kati ya 5, wakala tulishaachana naye.

Office 2024 ile ya kulipa mara moja, watu wanaidharau siku hizi eti imepitwa na wakati. Hii inahesabu mashine, leseni moja kompyuta moja. Fikiria kompyuta ya stoo ambapo watu wa shifti wanapokezana kiti kimoja, ukienda na hesabu ya mtu unamlipia kila anayekikalia, ukienda na hesabu ya mashine unalipia moja imeisha hiyo. Ina mwisho lakini, Microsoft wataacha kuipa masasisho ya usalama Oktoba 2029. Na chukua Home & Business, maana zile za zamani za Home & Student hazikuruhusiwa kwa biashara, na 365 Personal na Family ni hivyo hivyo, zinafanya kazi vizuri tu ofisini ila kimkataba zinakuweka pabaya siku mkikaguliwa.

Kuhusu zile namba za kuaktiveti zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa: nyingi zimechomolewa kwenye leseni za jumla za makampuni au mashule. Inakubali leo, Microsoft wakiizima kesho huna pa kulalamika. Sifuri.

Adobe. Tangu 2013 waliposema sasa ni Creative Cloud, yaani unalipia usajili badala ya kununua, programu mpya za Photoshop za kununua moja kwa moja zikawa basi. Angalia sana ule mpango unaoitwa wa mwaka ila unalipwa kila mwezi, ukivunja baada ya siku 14 unadaiwa nusu ya miezi iliyobaki, ni jambo ambalo hata Tume ya Biashara ya Marekani iliwapeleka mahakamani Juni 2024 ikisema wanalificha. Kwa kampuni chukua ile ya timu hata kama bei yake iko juu, kwa sababu leseni inakuwa ya kampuni na unaihamisha, ya mtu binafsi inakaa kwenye akaunti ya dizaina na akiondoka anaondoka nayo pamoja na mafaili yaliyoko kwenye wingu lake. 3 kati ya 5, kazi inafanya, mkataba ndo unachosha.

Java ya Oracle, ile inayohitajika ili baadhi ya programu ziweze kufanya kazi kwenye kompyuta. Hii ndo iliyonifanya nianze kuuliza swali langu. Tangu Januari 2023 mpango wao mpya unahesabu waajiriwa wote, sio wanaotumia Java, wote, pamoja na wa muda na vibarua wa wakandarasi wanaosaidia shughuli zenu za ndani. Mna watu 200 na Java iko kwenye kompyuta mbili? Mnalipia 200. Bahati nzuri OpenJDK, yaani Java ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa wote), ipo na ni bure hata kwa biashara, sisi tuliweka Eclipse Temurin, toleo lake mojawapo, kwenye ile programu yetu ya maghala na haikugoma popote. Ila kabla hujahama muulize aliyekuuzia programu yako kama anaikubali.

Docker Desktop, chombo cha watengeneza programu, nitapita haraka, ni bure kama mko chini ya watu 250 NA mapato ya mwaka hayafiki dola milioni 10, yote mawili kwa pamoja, likivunjika moja mnalipa.

LibreOffice, programu za ofisi za bure za chanzo huria. Hii haihesabu chochote. Iweke kwenye kompyuta 5 au 500, biashara au nyumbani, hakuna anayekuuliza. Kuna watu wanaogopa chanzo huria wakidhani watalazimishwa kutoa siri zao, hapana, kutumia tu ofisini hakukudai kitu, masharti yanaanza pale unapobadilisha msimbo wake na kuwagawia wengine (kwenye leseni ya AGPL, ya baadhi ya programu nyingine za chanzo huria, hata ukiiendesha tu hiyo uliyoibadilisha kwenye seva ikatumiwa na watu wa nje kupitia mtandao, hiyo ndo ya kusoma kwa makini). Kasoro yake ni faili za Excel zenye makro nyingi (zile amri za kujiendesha zenyewe), zinavurugika, na slaidi za wateja wakati mwingine maandishi yanaruka nje ya kisanduku. Tumeiweka mapokezi na kwenye chumba cha mafunzo, idara ya hesabu tumewaacha na Standard yao. 4 kati ya 5.