Kumbukumbu ya Illinois, Vicksburg: uzoefu wangu

Ukitoka Dallas kuelekea Atlanta kwa barabara kuu ya I-20, ukishavuka tu Mto Mississippi umeingia Vicksburg, mji wa jimbo la Mississippi, na uwanja wenyewe, wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, hauko mbali na barabara. Kiingilio tulilipa dola 20 kwa gari zima, si kwa kichwa, na sisi tulikuwa tumebanana kweli kweli, kwa hiyo sikuwa na la kulalamika. Ndani kuna njia ya lami ya takribani kilomita 26 inayozunguka vilimani, yenye minara na masanamu zaidi ya 1,300. Msijaribu kuvitazama vyote. Baada ya saa moja mizinga yote inafanana na watoto wanaanza kuulizia chakula. Mimi naandika kuhusu jengo moja tu, Kumbukumbu ya Jimbo la Illinois, iliyojengwa kuwakumbuka askari wa jimbo hilo, maana ndilo lililonifanya nione safari imelipa.

Kwa asiyeijua habari yenyewe: mwaka 1863 Jenerali Ulysses Grant wa upande wa Kaskazini aliuzingira mji huu ili aunyakue mto kutoka kwa majimbo ya Kusini, yale yaliyojitenga kwa kung'ang'ania utumwa. Wenyeji walichimba mapango vilimani wakajificha makombora, chakula kikaisha, na tarehe 4 Julai Jenerali Pemberton wa Kusini akasalimu amri.

Mzingiro ulichukua siku 47, na ngazi za jengo zina vidato 47, kimoja kwa kila siku. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, alisimama chini, akatazama juu, akasema, "Mwanangu, hizo siku zao mimi nitazihesabia hapa hapa." Tukamtafutia kivuli, tukamwachia maji. Mwenye magoti mabovu ajipime kabla ya kuanza, hasa Agosti, joto la Mississippi halina huruma. Watoto wao walipanda wakihesabu kwa kelele, wakafika juu na hesabu tofauti, ugomvi ukawa mkubwa kuliko vita vyenyewe.

Jengo ni la duara, la marumaru nyeupe ya Georgia, lina urefu wa futi 62, yaani kama mita 19, na kuba lake limeigwa kwenye Pantheon, hekalu la kale la Roma. Aliyelichora ni William Le Baron Jenney, yule yule wa ghorofa ndefu za mwanzo za Chicago, na mwenyewe alikuwa mhandisi wa jeshi la Grant hapo hapo Vicksburg. Lilizinduliwa Oktoba 1906, na jimbo lililipia dola 194,423.92. Hizo senti 92 zimenifurahisha. Kuna mhasibu mahali aliyekataa kuzungusha hesabu.

Kinachonivutia zaidi ni kile ambacho hakipo. Huoni bunduki wala upanga, na hakuna jenerali aliyepanda farasi. Juu ya mlango kuna tai aliyepakwa dhahabu. Kileleni mwa kuba kuna tundu lisilo na kioo, hivyo jua linashuka kama duara la mwanga na mvua ikinyesha inaingia. Ukinong'ona, ukuta unakurudishia. Binti yangu aligundua hilo mapema mno, na nikalazimika kuwaomba radhi wazee wawili waliokuwa wakisoma kimya kimya.

Na cha kusoma kipo. Ukuta wote wa ndani umefunikwa mabamba 60 ya shaba yenye majina 36,325 ya watu wa Illinois waliopigana kampeni ya Vicksburg, waliokufa na waliorudi nyumbani, yamepangwa kikosi kwa kikosi. Ukiingia bila jina la kutafuta, dakika tano tu macho yanachoka na unatoka. Hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Nendeni na jina.

Mimi nilikwenda na la Albert D. J. Cashier, Kikosi cha 95 cha Askari wa Miguu. Alizaliwa Ireland akaitwa Jennie Hodgers, akajiandikisha jeshini mwaka 1862 kama mwanamume, akapigana vita hadi mwisho, na baada ya vita akaendelea kuishi hivyo hivyo miongo kadhaa. Siri ilianza kutoka baada ya kuvunjika mguu, miaka kadhaa baada ya jina kuwekwa ukutani. Wenzake wa vitani walimtetea, na alipofariki 1915 alizikwa na sare yake. Nilipolipata nililigusa kwa kidole. Herufi zimeinuka kidogo tu na shaba ilikuwa ya baridi pamoja na lile joto la nje.

Lakini msiishie hapo. Kwenye hifadhi hiyo hiyo kuna mnara wa askari weusi, uliozinduliwa Februari 2004, karibu miaka mia moja baada ya ule wa Illinois. Una watu watatu wa shaba: askari wawili, mmoja amejeruhiwa, na kibarua wa shambani anamsaidia mwenzake kumbeba. Ni mdogo, na kwa kasi ya gari unaweza kuupita. Mama mkwe, aliyekataa vidato 47, hapa alishuka mwenyewe bila kuombwa.

Illinois naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya ngazi na kwa sababu ukifika bila maandalizi, majina hayakuelezi chochote. Sehemu kubwa ya njia ni ya upande mmoja, kwa hiyo ukilipita jengo umelipita. Lenyewe liko mapema, jirani na nyumba nyeupe ya Shirley. Bebeni maji ya kutosha, nendeni asubuhi, na mbakize muda wa meli ya kivita USS Cairo, iliyozamishwa Mto Yazoo Desemba 1862 na kuibuliwa 1964. Wanangu wangelala pale kama ningewaruhusu.