Mnara wa Kengele wa NC State, Raleigh: hatimaye una kengele

Jiwe la msingi la mnara huu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina (NC State), Marekani, ukumbusho wa wahitimu wake waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, liliwekwa 1921, ujenzi ukaisha 1937, lakini ndani, mnara wenyewe wa futi 115 ulibaki ganda tupu. "Kengele" zenyewe zilikuwa spika! Ukarabati uliokamilika 2021 umeleta ngazi na kengele 55 halisi, na tofauti unaisikia: mlio wa shaba nyeusi hufifia polepole, haukatiki. Masharti ni kwamba nyundo irudi nyuma papo hapo. Ikiegemea kengele, mlio unakufa. Watunzaji wakague pia viungo vya mawe ya graniti, maana maji yakipenya humo, chuma cha ndani hushika kutu.

Chini, kwenye bamba la majina ya mashujaa hao, mtafute George E. Jefferson. Hakuwahi kuwepo. Mhitimu George L. Jeffers aliorodheshwa kimakosa kuwa amekufa ilhali yu hai, ndipo jina lake kwenye bamba likageuzwa kuwa Jefferson.