Kozi ya marudio ya MRCS: shilingi 54,000 zangu zilikwenda wapi

Kila nikikutana na daktari kijana kwenye korido, swali ni lile lile: "Dakta, ile kozi uliyolipia, niichukue?" Nimechoka kujibu vipande vipande huku natembea kuelekea wodini, basi jibu lote ni hili.

Jina la kampuni sitalitaja. Ni ya Uingereza, masomo ni ya mtandaoni, wiki 12, ya kujiandalia sehemu ya kwanza ya MRCS, ule uanachama wa vyuo vya kifalme vya madaktari wa upasuaji wa kule. Bei ilikuwa pauni 320. Benki ilipomaliza kubadilisha na kukata chake, nilikuwa nimetokwa na shilingi 54,000 za Kenya na ushee. Ada ya mtihani ni mbali, nayo ni ya pauni vilevile, nayo inauma. Na kabla hujafungua pochi ujue kwamba kupasi huku hakukufanyi daktari bingwa, si hapa wala si kule. Kule ni sharti mojawapo la kuingilia mafunzo ya juu ya upasuaji. Mimi nilikuwa na sababu zangu. Mwenzangu mmoja yeye alikuwa anaifuata njia ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha ukanda wetu chenye makao yake Arusha, lakini neva alizokuwa akizikariri ni zile zile nilizokuwa nikizikariri mimi, ndiyo maana tuliweza kukaa meza moja.

Mtihani wenyewe ni maswali 300 kwa siku moja. Karatasi ya kwanza ina maswali 180 ya sayansi za msingi, saa tatu. Ya pili ina 120 ya kanuni za upasuaji, saa mbili. Jibu la kosa halikukati alama, kwa hiyo anayeacha swali wazi amejidhulumu mwenyewe. Ila usidhani utavurunda karatasi moja uje ufidiwe na nyingine: kila karatasi ina kiwango chake cha chini. Na nafasi ni sita tu, ya saba hakuna.

Sasa kozi. Nianze na kilichonifurahisha, maana kipo, na ni kikubwa.

Anatomia ndiyo yenye fungu kubwa kuliko yote katika karatasi ya kwanza, na mimi anatomia niliiacha mwaka wa pili wa chuo, kwenye meza za maiti, sikuwahi kurudi kuichukua. Kozi ilikuwa na mwalimu mmoja, daktari wa upasuaji mtu mzima mwenye lafudhi ya Uskoti, ambaye alikataa kabisa kutumia slaidi. Ana karatasi nyeupe, ana kalamu ya wino, kamera inatazama mikono yake, basi. Anachora, anafuta, anakwambia na wewe chora. Fungu la neva za mkono, lile linalotoka shingoni, nilikuwa nimelishindwa tangu chuoni. Yeye alilichora kwa dakika mbili: mizizi mitano kutoka C5 hadi T1 (ndiyo majina ya neva zitokazo uti wa mgongo), mashina matatu, migawanyiko sita, kamba tatu, matawi matano ya mwisho. Kisha akasema tulichore mara 20 kabla ya Alhamisi.

Nilichora nyuma ya risiti, nilichora kwenye vumbi la kioo cha tuktuk. Jioni moja ya Ramadhani mamangu alikuwa ameacha sinia lenye unga wa kukandia mahamri, nami kidole kikaanza chenyewe. Mama akaja akasimama juu yangu. "Mwanangu, mbona mkoko wako umepinduka, mizizi juu?" Sisi ni watu wa Tudor, hapa Mombasa, mikoko tunaiona kila siku maji yakikupwa. Tangu siku hiyo sijalisahau lile fungu. Na mwendesha bodaboda akiletwa ameangukia bega, mkono unaning'inia pembeni umegeukia ndani, sihitaji kufungua kitabu, najua ni C5 na C6 zilizovutika.

Mwalimu huyo alitufundisha vipindi tisa tu. Kwa tisa hivyo ningelipa tena.

Kingine kizuri ni maelezo chini ya kila swali kwenye benki yao ya maswali. Waliyaandika watu wanaojua mwanafunzi anakosea wapi. Mfano ni swali la majeraha ya moto. Hesabu yenyewe ya maji ya dripu kila daktari anaijua: mililita 4, mara uzito kwa kilo, mara asilimia ya ngozi iliyoungua, nusu iingie kwenye saa nane za kwanza. Nililikosa swali hilo mara mbili, na maelezo yakanionyesha kosa: saa nane zinahesabiwa tangu mtu alipoungua, wala si tangu alipofika kwako. Wiki haikuisha akaletwa mtu aliyemwagikiwa na karai la mafuta. Kilo 60, asilimia 20, na njiani walikuwa wamepoteza saa tatu. Jumla ni mililita 4,800, nusu ni 2,400, lakini saa zilizobaki ni tano si nane, kwa hiyo ni mililita 480 kila saa badala ya 300. Nilimwambia muuguzi tuzidishe dripu, tuangalie mkojo, akanitazama kama nimetoka kuota. Mkojo ukaja vizuri.

Haya, sifa zimeisha.

Ratiba yao imetengenezwa kwa mtu anayelala Manchester. Darasa la moja kwa moja ni Jumanne na Alhamisi saa moja jioni, saa zao. Wakati wa baridi hiyo ni saa nne ya usiku kwetu. Ramadhani nilikuwa nafuturu, nasali tarawehe, naingia darasani saa nne, natoka saa sita, nalala kidogo, naamshwa daku, na saa mbili asubuhi niko kwenye mzunguko wa wodi nikiulizwa potasiamu ya mgonjwa wa kitanda cha saba. Hilo nililikubali, nilijua nilichokinunua. Nisilolijua ni kwamba Waingereza Jumapili ya mwisho ya Machi huzisogeza saa zao mbele. Siku ya pili ya Idd, nyumba imejaa wageni, nimeomba radhi kwa shangazi zangu wote, nimejifungia chumbani saa nne kamili, nakuta mwalimu yuko nusu ya mfereji wa kinena. Darasa lilikuwa limeanza saa tatu. Barua pepe ya kutukumbusha hatukupata. Nilipolalamika, nilijibiwa kwamba muda kwenye tovuti umeandikwa wazi kuwa ni "saa za London". Kweli, umeandikwa. Lakini tangazo lao hilo hilo linajisifu kuwa na wanafunzi kutoka kila bara.

Rekodi zipo, ndiyo, na usiku stima ikipotea ndizo zilizoniokoa. Ila huwezi kuzipakua, lazima uzitazame mtandaoni, kwa hiyo ongeza bei ya bando kwenye zile 54,000. Na siku ya mtihani wenyewe ikipita zinafungwa. Mwenzetu aliyeahirisha mtihani kwa sababu ya uzazi aliambiwa alipe upya. Hapo mimi nilikasirika kwa niaba yake.

Halafu kuna jambo ambalo si kosa lao, lakini uliingie ukilijua. Mtihani ni wa Uingereza na mgonjwa wake ni Mwingereza. Unaulizwa kuhusu wanaume wanaoitwa wakifikisha miaka 65 wapimwe mshipa mkuu wa damu tumboni kwa ultrasaundi, na kwamba ukifika upana wa sentimita 5.5 ndipo upasuaji unafikiriwa. Hapa Pwani mzee wa miaka 65 akiitwa na serikali, la kwanza atakalouliza ni kama ni mambo ya shamba. Au busha. Kwetu mtu akija na busha, na wengi huliita mshipa tu wakiona haya, wazo linakwenda kwenye matende na minyoo iletwayo na mbu. Katika maswali yote ya busha niliyoyafanya humo, hakuna hata moja lililotaja mbu. Wao hofu yao ni saratani ya korodani iliyojificha nyuma ya yale maji kwa kijana, na hofu hiyo ni ya haki, mimi mwenyewe sasa naagiza ultrasaundi kwa vijana ambao zamani ningewapeleka moja kwa moja kupasuliwa. Lakini ukijibu kama daktari wa Mombasa unakosa alama. Nilijifunza kuvaa kofia mbili, na ilinichukua mwezi mzima kuacha kubishana na skrini.

Kinyongo changu kikubwa ni mtihani wa majaribio. Wiki mbili kabla, wanakutaka ufanye maswali 300 kama siku yenyewe. Nikapata asilimia 78. Nikampigia simu kila mtu. Siku ya tatu nikayapitia taratibu nikagundua nusu nzima ni maswali ya benki yao wenyewe, yale yale niliyoyafanya Februari na Machi, wamebadilisha umri wa mgonjwa tu. Sikuwa nimepima ujuzi, nilikuwa nimepima kumbukumbu. Nililegea kwa siku tatu ambazo ningezitumia kusoma fiziolojia, na fiziolojia ndiyo iliyokaribia kuniangusha. Nilipasi, alhamdulillahi, lakini kwa alama za kuhesabika kwa vidole. Mtihani wa majaribio unaokupaka mafuta kwa mgongo wa chupa ni afadhali usiwepo.

Kazi iliyobaki ilifanywa na kikundi chetu, na kikundi hakikudai hata senti. Tulikuwa watatu. Kila Jumapili baada ya alasiri tulikaa ufukweni Mama Ngina, kwenye ukuta unaotazama meli zikiingia Kilindini, kila mtu na dafu lake na maswali kumi aliyoyakosa wiki hiyo. Sharti lilikuwa moja: unaeleza kwa Kiswahili kitupu kwa nini ulikosea, kama unamweleza jamaa wa mgonjwa. Jaribu kueleza kwa Kiswahili kwa nini neva ya sauti ya kushoto inateremka hadi chini ya upinde wa aota, ule mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo irudi juu, ilhali ya kulia inageukia kwenye ateri ya chini ya mtulinga. Kama hujaelewa, ulimi unakwama, na muuza kachri aliyesimama karibu anakucheka. Mara moja muuza kachri huyo alituuliza kama hiyo neva ndiyo iliyompoteza sauti mjomba wake aliyekuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Tukanyamaza. Uvimbe wa pafu la kushoto huibana neva hiyo hiyo, na swali lake lilikuwa bora kuliko mengi niliyoyalipia.

Basi, uichukue? Ukiwa anatomia yako ni ya kuunga kama yangu, ichukue, hudhuria vile vipindi tisa hata kama unasinzia, na mtihani wao wa majaribio uufanye mwezi wa kwanza wa kozi kabla benki ya maswali haijakuharibia. Ukiwa anatomia unaijua, lipia benki ya maswali peke yake popote, ni rahisi mara nyingi zaidi, na utafute watu wawili wasioona haya kukosolewa. Niliwaandikia kampuni kuuliza kama wanauza vipindi vya yule mzee wa Uskoti peke yake. Hawauzi.

Juzi wameniandikia wao. Wana kozi ya sehemu ya pili, na punguzo la asilimia 10 kwa tuliopasi ya kwanza. Madarasa ni Jumanne na Alhamisi, saa moja jioni, saa za London.