Mashine ya kupulizia salfa: misimu miwili na mikorosho yangu mia moja, Newala

Wengi huuliza kama mkulima mdogo anunue mashine yake ya kupulizia mikorosho au aendelee kukodi mpulizaji. Mimi nilikodi miaka mingi, nikachoka, nikanunua, na huu ni msimu wangu wa pili. Shamba langu lina miti mia moja, liko huku juu Newala, kwa hiyo mwenye miti elfu asinipimie kwa kibaba chake.

Mpulizaji niliyekuwa namkodi alikuwa kijana mzuri, hana jeuri, na bei yake ilivumilika: shilingi 500 kwa mti. Tabu yake ilikuwa saa. Salfa ya unga inataka umande. Alfajiri, majani yamelowa na upepo umelala, unga ukirushwa juu unashuka taratibu na kunata kwenye maua na majani machanga. Jua likishapanda, umande unakauka, upepo wa Julai unaamka, na unga unaondoka zake. Sasa kijana ana wateja saba na alfajiri ni moja. Wenye miti mingi ndio wanaoanza. Kwangu alikuwa anafika saa tatu, siku nyingine saa nne. "Mama mkubwa, usiwe na wasiwasi, salfa ni ile ile." Kweli ilikuwa ile ile. Nikawa nasimama naangalia wingu la manjano linavuka mpaka kwenda kwa jirani, na hela yangu imo humo humo.

Msimu wa mwisho wa kukodi, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu tunaoupulizia salfa, ulinipiga vibaya. Maua yalikuwa kama yamemwagiwa jivu la jikoni, yakakauka mtini hata kabla ya kushika korosho. Baba hakushangaa. Yeye alishaona makubwa zaidi: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani kama 145,000, na msimu wa 1986/87 haikufika hata tani 20,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaacha mashamba yao mbali, hilo nalo lilichangia, lakini ukimuuliza baba atakutajia ubwiriunga kwanza.

Kuna atakayesema tumia dawa ya maji. Huyo hajaishi juu ya uwanda wa Makonde. Maji ya kunywa yenyewe tunayanunua kwa ndoo, mvua tunaikinga kwenye visima vya saruji. Ukisimama pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda, unauona mto Ruvuma kule chini, lakini kuuona si kuuchota.

Basi nikaenda Masasi mjini nikanunua mashine ya mgongoni, ya petroli inayochanganywa na oili, kwa shilingi 430,000. Kampuni siitaji.

Ndani ya boksi kulikuwa na waya mwembamba na kimnyororo kama cha kufungia mbwa mdogo. Muuzaji hakusema lolote, na kitabu kimeandikwa Kichina na Kiingereza cha kubahatisha. Tukadhani ni vya kufungia mzigo, nikavitupia darini. Asubuhi ya kwanza mwanangu kapuliza miti mitatu, mara kaachia bomba: "Mama, inapiga shoti!" Nikamwambia ni baridi tu inamsumbua. Nikashika mimi. Ikanipiga mimi pia. Tukampelekea fundi pikipiki, kafungua plagi, kasafisha, kachukua elfu tano yake, na shoti ikabaki pale pale. Aliyetuokoa ni bwana shamba, alikuwa anapita tu. Aliuliza swali moja: "Mnyororo wenu uko wapi?" Kumbe unga mkavu ukipita kwa kasi ndani ya bomba la plastiki unazaa umeme. Waya unapitishwa kwenye bomba, mnyororo unaachwa uburuze chini, umeme unaishia ardhini. Na salfa inawaka, kwa hiyo si jambo la kuchekea. Ukinunua mashine, kabla ya kuuliza bei uliza mnyororo.

Uzito sasa. Tupu ni kilo 11 hivi, bado hujatia salfa. Wanaosema si kazi ya mwanamke, mimi nimeibeba, ila najaza nusu tenki. Kinachoniudhi ni mikanda: membamba, inakata mabega, na hapo bado hujafika mti wa kumi. Cha pili ni pale bomba linapoungana na mashine. Panavuja. Salfa inashuka shingoni, ikikutana na jasho unaungua kama umepakwa pilipili. Nimepafunga kwa tyubu ya baiskeli, pametulia. Miwani na barakoa msivifanyie mzaha. Siku niliyopuliza bila miwani nilishinda nalia kama nimefiwa. Halafu salfa iliyokaa mahali penye unyevu inafanya mabonge na kuziba njia, kwa hiyo sisi tunaichekecha jioni kabla ya kulala.

Injini sina neno nayo. Nafuata kipimo cha kwenye kitabu, sehemu 25 za petroli kwa moja ya oili, na inaunguruma vizuri, isipokuwa asubuhi zenye ukungu mzito ambapo mwanangu anavuta kamba mpaka anavua koti. Plagi moja ilikufa awamu ya tatu, sasa ya akiba inakaa mfukoni. Unga unafika hadi kilele cha mikorosho mikubwa aliyoipanda baba. Kelele ndiyo usiseme. Jirani anadai jogoo wake ameacha kuwika, anaiachia mashine yangu kazi hiyo.

Hesabu. Tunapuliza gramu 250 kwa mti, kwa hiyo mfuko mmoja wa kilo 25 unanitosha awamu moja. Tunarudia kila baada ya siku 14, mara tano. Tunaanza saa kumi na moja alfajiri, saa moja na nusu tumemaliza miti hamsini, kesho yake iliyobaki. Kukodi kulikuwa kunanila shilingi 250,000 kwa msimu. Sasa mafuta na oili ni kama 75,000, na mwanangu namlipa 20,000 kila awamu, maana mtoto ni wangu lakini mgongo ni wake. Jumla 175,000. Naokoa 75,000 kwa msimu, ambayo ukiigawanya kwenye bei ya mashine utaona itarudi baada ya karibu miaka sita, kama haijafa. Kwa hesabu hiyo peke yake nisingemshauri mtu anunue.

Lakini msimu wa kukodi nilipeleka ghalani kilo 420, na msimu wa kwanza wa mashine kilo 690. Siisifii mashine yote hiyo. Mwaka huo nilipogolea matawi na kupalilia mapema, jambo ambalo nilikuwa nalipiga chenga. Hata hivyo maua niliyaona kwa macho yangu, na jivu lilikuwa la kutafuta. Nilichonunua kwa ile laki nne na thelathini ni alfajiri, kwamba saa kumi na moja mashine iko mgongoni kwangu na si kwa mwenye miti elfu.

Mwenye miti chini ya arobaini akodi tu, ila apatane na mpulizaji kwa saa: ukija jua limetoka, nusu bei. Au nyumba tatu mchange mnunue moja, mkiwa watu mnaosikilizana, na mkubaliane kabisa nani anaanza, la sivyo mtarudi kwenye ugomvi ule ule wa alfajiri.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Hiyo moja na nusu imeliwa na mikanda na yule muuzaji. Mikanda nimeizungushia kipande cha kitenge, na zimebaki awamu mbili.