Globu ya LED ya pikipiki: ipi itadumu, ipi itakuacha gizani

Boksi la globu ya LED liliandikwa wati 80 na lumeni (kipimo cha mwanga) 20,000. Fundi wangu akaichomeka globu kwenye betri pale pale kaunta, akapitisha mita katikati, ikasoma ampea 1.3. Zidisha kwa volti 12: wati 15 na ushee. Muuzaji akacheka. "Bosi, hayo ni maandishi tu." Nikainunua hivyo hivyo, maana wati 15 ndizo hasa nilizokuwa nazitafuta. Imeshapita masika mawili kwenye Boxer yangu. Iliyotangulia, ya feni ndogo ya kupozea, ilikufa wiki ya sita, upande wa dimu kwanza, nikawa nasafiri kwa fulu huku kila anayekuja mbele ananitukana kwa honi.

Nimeanza na hilo kwa sababu wengi tunachagua kwa mwanga. Tunawasha globu dukani, tunaelekeza ukutani, ile inayoumiza macho ndiyo tunayolipia. Dukani kila LED inawaka. Kinachoiua ni joto, maji, na umeme mchafu wa pikipiki yenyewe, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana ukutani.

Kabla hujatoa pesa, piga kiki

Pikipiki nyingi ndogo, hasa za zamani kidogo, taa kubwa hailishwi na betri. Inalishwa moja kwa moja na koili ya magneti, kwa umeme unaogeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Halojeni haijali, yenyewe ni waya tu unaopata moto. LED inataka umeme wa mwelekeo mmoja. Ukiichomeka hapo itapepesa, itafifia ukiachia resi, na kama ndani haina kigeuza umeme, siku zake zinahesabika.

Kujua ni rahisi. Washa funguo na swichi ya taa bila kuwasha injini. Taa kubwa ikikaa kimya, halafu ikawaka baada ya kiki na kuongezeka ukivuta resi, yako ni ya koili. Hapo una njia mbili: baki na halojeni, au mwambie fundi autoe waya wa taa kwenye koili na kuulisha kutoka kwenye betri kupitia swichi ya funguo, na fyuzi ya ampea 5. Asikuunganishie bila fyuzi. Nimeona waya ulioiva hadi ganda likashikana na tangi.

Pima pia chaji. Weka mita kwenye betri, vuta resi ya katikati. Ikisoma kati ya volti 13.5 na 14.5 uko salama. Ikipita 15, rektifaya, kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa chaji, imechoka, na hapo hata ununue globu ya dhahabu itaungua. Yule jamaa wa kijiweni anayebadilisha globu kila wiki na kulaani Wachina, mara nyingi ugonjwa wake uko hapa.

Sasa mpangilio wangu, kwa kudumu

*Ya kwanza: LED isiyo na feni, wati 10 hadi 20.* Chipu ya LED haitupi joto mbele kama halojeni, inalitupa nyuma, kwenye kitako chake. Joto hilo lisipopata pa kwenda, chipu inafifia, kisha inakufa. Globu nzuri ina mwili wa aluminiamu wenye mapezi, na ukiishika mkononi ina uzito. Ile nyepesi kama kifuniko cha soda, rudisha. Chagua iliyo na kisanduku cha umeme kilichofungwa kwa gundi pande zote, na iandikwe inapokea volti 9 hadi 30 au karibu na hapo, maana hiyo huvumilia chaji inayopanda na kushuka. Uzuri mwingine ni mkia mfupi, yaani sehemu ya nyuma ya globu.

Mkia mfupi nauzungumzia kwa sababu ya mpira. Nyuma ya taa ya mbele kuna mpira unaoziba globu isipate vumbi na maji. LED zenye mkia mrefu hazipiti, na fundi mwenye haraka anachukua wembe anaukata, au anautupa kabisa. Miezi miwili baadaye rifleka, lile bakuli linalong'aa ndani ya taa na kurudisha mwanga mbele, ina vumbi la laterite ndani, imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na mwanga umepungua nusu. Mwenye pikipiki anasema LED imeisha nguvu. LED ni nzima, aliyekufa ni rifleka, na rifleka huibadilishi peke yake, unanunua taa nzima. Kwa hiyo nenda dukani na pikipiki. Fungua taa, ingiza globu, rudisha mpira. Mpira usiporudi mahali pake, hiyo globu si yako hata wakikupa bure.

*Ya pili: halojeni ya kawaida ya HS1 (aina ya kitako cha globu ya pikipiki), wati 35/35, dimu na fulu.* Najua umekuja kusoma habari za LED. Lakini kwa pikipiki ya taa ya koili ambayo hutaki kuigusa nyaya, hii naiweka juu ya LED zote. Inakufa ndiyo, mtetemo unakata waya wake wa ndani, ila ikifa Kibaigwa saa mbili usiku una nafasi nzuri ya kupata nyingine. Nunua ya Philips au Osram, na angalia chapa vizuri kwa sababu bandia zipo nyingi. Usiishike kioo kwa vidole vyenye grisi. Mafuta yakibaki juu yake, pale panapata moto kuliko kwingine na kioo kinapasuka.

*Ya tatu: taa nzima ya LED, ya duara, iliyofungwa kiwandani.* Hii ingekuwa namba moja kwa wenye pikipiki zinazoikubali. Lenzi na chipu vimetengenezwa pamoja, kwa hiyo mwanga unakaa barabarani na haupandi kwenye macho ya watu. Tatizo ni bei, na ukianguka ikapasuka unaanza upya na taa nzima, si globu.

*Ya nne: LED yenye feni.* Inawaka vizuri, kwa mjini na lami inaweza kukaa. Kwa barabara ya vumbi, feni ile ndogo inaanza kulia kama mbu, kisha inasimama. Ikisimama, joto halitoki. Ikiwa imeandikwa IP67, maana yake imepimwa kuzama maji ya mita 1 kwa dakika 30. Haikupimwa kwa pampu ya pale tunapooshea, ambayo kijana anaielekeza kwenye taa kwa karibu akidhani anakusaidia.

*Ya mwisho: zenoni, yaani HID.* Hii ni kisanduku kinachopandisha umeme hadi zaidi ya volti 20,000 ili kuiwasha, na mara nyingi wanaweka sumaku ya kuisogeza globu kati ya dimu na fulu. Kwenye mtetemo wa bodaboda sumaku hiyo haina maisha. Inachukua sekunde kadhaa kufikia mwanga kamili, na ikiwaka inavuta umeme mwingi ghafla kutoka kwenye betri ndogo. Iache kwenye magari.

Na globu ya gari, H4 ya wati 60/55, sijaipa hata namba. Kitako chake kinafanana sana na cha HS1, kucha zikipigwa tupa kidogo inaingia, na mafundi wanaiweka kila siku. Taa ile imetengenezwa kwa wati 35. Soketi inayeyuka na kioo cha plastiki kinageuka njano.

Pale kaunta

Iwashe dakika 15, si sekunde 15. Wakati unasubiri, agiza chai. Ikifika mwisho imefifia kwa macho, joto limeshaishinda. Igonge kidogo kwa kidole ikiwa inawaka, isipepese. Angalia chipu zikae pembeni, kushoto na kulia, siyo juu na chini, ili zilingane na mahali waya wa halojeni ulipokuwa, la sivyo utamulika miembe. Uliza guarantee kwa siku, iandikwe kwenye risiti pamoja na jina la duka.

Halojeni yako ya zamani kama bado nzima usimwachie fundi. Izungushie kitambaa safi, iweke kwenye kopo, ifungie chini ya siti pamoja na spana namba 10.